Kiganja cha Bibi Velika

Siku ya Wakunga pale Brestova, mwanaume mwenye akili zake hatoki nje. Akionekana mtaani wanawake wanamvua kofia, na hairudi mpaka atoe divai. Akijifanya mkali wanamvua na suruali, na Januari ya kwetu haina huruma na miguu mitupu. Ndiyo maana asubuhi ile Tosho alikuwa amejikunyata nyuma ya jiko, akichonga mwiko ambao hakuna mtu aliyemwomba. Mkewe Rusana alikuwa amesimama katikati ya nyumba na tumbo lake la miezi tisa, akiogopa.

Kuzaa alikuogopa, nani asiyekuogopa? Lakini siku hiyo alichokiogopa zaidi ni mto.

"Mama," alimwambia mama mkwe wake, Kera, aliyekuwa akifunika sinia la mkate wa jibini kwa kitambaa. "Mwaka huu Bibi Velika si mumnawishe mikono tu, muache? Kifua chake kibaya. Jumapili kanisani alikohoa mpaka padri akanyamaza."

"Weee! Tusimwogeshe? Halafu visima vikauke, maziwa yakauke vifuani, tumlaumu nani? Wewe?"

"Mkunga wa Dolets walimwogesha mtoni mwaka juzi. Wiki aliimaliza?"

"Yule alikuwa mlevi."

"Na leo asiye mlevi ni nani?" Tosho alidakia nyuma ya jiko.

"Wewe nyamaza huko, nisije nikakutoa nje!"

Ndivyo alivyokuwa Mama Kera. Moyo wake ulikuwa mzuri, ila mdomo wake ulitangulia mbele kila mara. Na kwa mila, haki ilikuwa yake. Siku hiyo kila aliyejifungua ndani ya mwaka humpelekea mkunga sabuni na taulo, humnawisha mikono, kisha wote hula na kunywa, halafu mkunga hupandishwa kwenye mkokoteni. Hauvutwi na punda. Wanawake wenyewe ndio wanaouvuta hadi mtoni, na huko wanamtumbukiza, maji yapate kujaa, maziwa yajae, na watoto wajae. Bibi Velika alikuwa ametumbukizwa mara thelathini na nane. Sasa alikuwa na miaka sabini na sita.

Rusana hakuwa na taulo la kupeleka. Mwenye taulo ni mwenye mtoto hai, na watoto wake wawili walikuwa kaburini nyuma ya kanisa. Wa kwanza alikuja siku ya theluji, Bibi Velika akiwa ng'ambo ya kilima kwa mzazi mwingine. Alipofika alimkuta mtoto amenyongwa na kitovu, tayari amepoa. Wa pili alikuja shambani wakati wa kuvuna shayiri, hakuna mtu karibu. Bibi Velika alifika amelowa jasho, akakaa naye kwenye mabua, akamshika kichwa. "Wa tatu nitamdaka mimi mwenyewe," alimwambia. "Nikiwa hai, nitakuwepo."

Nikiwa hai. Miezi yote tisa Rusana alilala na maneno hayo mawili, akaamka nayo. Kwake yeye mikono ya Bibi Velika ndiyo mtoto mwenyewe. Mikono ikifa, na mtoto amekufa.

Akaenda, sinia mikononi, kama mbeba mizigo wa mama mkwe wake.

Uwanja wa Bibi Velika ulikuwa umejaa vicheko. Mkunga mwenyewe alikaa kizingitini, kabibi kadogo kakavu, wamemvisha kofia ya kiume, na shingoni shada la pilipili nyekundu za kukausha na vitunguu saumu. Kila mzazi alimmiminia maji, na yeye akayarusha juu kwa vidole ili watoto nao waruke hivyo. Alikohoa, akacheka, akakohoa tena. Alipomwona Rusana akafuta mikono, akamsogelea, akaiweka juu ya tumbo.

"Amekaa vizuri. Siku tatu, nne."

"Bibi, usiende mtoni. Nakuomba."

"Nisipooga leo watasema nimezeeka, mwanangu. Na mkunga akishasemwa amezeeka, wanaanza kumwita yule tabibu wa mjini mwenye mkoba."

"Utakufa, Bibi!"

"Kila mtu atakufa. Mimi angalau nitakufa nimeoga."

Wanawake wakaangua kicheko, wakamvuta Bibi ndani kwenye meza. Dafina, jirani ambaye Rusana alikuwa hasemezani naye tangu mambo ya kuku, akamtupia neno mlangoni, "We naye, hata kujifungua hujajifungua, ushaanza kutupangia!" Mlango ukafungwa, na Rusana akabaki uwanjani peke yake na mkokoteni.

Sasa hapa nataka mnielewe. Rusana alikuwa binti wa fundi magurudumu. Alijua kwamba gurudumu linashikwa kwenye ekseli na kipini kimoja cha chuma, kirefu kama kidole. Alijua pia mila ya kwetu, kwamba mkokoteni ukivunjika kabla ya lango, safari imekataa, na hakuna mwanamke wa Brestova atakayethubutu kuisukuma. Watacheka, watarudi ndani, watamwogesha Bibi kwa ndoo ya maji ya moto kando ya jiko. Nani ataumia? Akainama kwa shida, akakichomoa kipini cha gurudumu la kushoto, akakitia mfuko wa aproni. Kilikuwa baridi hata kupita kwenye nguo.

Lakini akili ya woga ni nusu akili. Baba yake angekuwepo angemzaba kofi, maana hata mwanafunzi wa fundi anajua kwamba siku ya baridi kali mafuta ya ekseli huganda na kulishika gurudumu. Halitoki hapo hapo. Linasubiri mpaka lipate moto.

Wakatoka na ngoma na zumari, wakampandisha Bibi Velika, kumi wakashika mti wa kuvutia. Rusana alisimama langoni amekodoa macho kwenye gurudumu la kushoto. Likazunguka mara moja, mara mbili. Likapita lango na kuingia mtaani.

Toka, aliomba. Toka sasa hivi, wakiwa wanatembea.

Halikutoka. Likapita kisimani, likapita kanisani. Rusana alifuata nyuma ameshika tumbo kwa mikono miwili. Mbele ilikuwa mteremko wa kwenda mtoni, na kwenye mteremko wanawake hukimbia, ndiyo raha yenyewe. Neno moja tu lingetosha, kipini! Lakini kulisema neno hilo ni kusema aliyekichomoa ni nani.

"Simameni!" alipiga kelele. "Jamani, simameni!"

"Rusana anataka kupanda!" mmoja akajibu, wote wakacheka, na wakaanza kukimbia.

Aliliona gurudumu likiyumba. Likayumba tena, likachomoka, likateremka peke yake hadi mtoni. Mkokoteni ukalala ubavu. Bibi Velika akarushwa, na kama afanyavyo mtu yeyote anayeanguka, akatanguliza mkono wa kulia. Kila mtu aliusikia ukivunjika.

Zumari likanyamaza. Bibi alikaa kwenye theluji na pilipili zake shingoni, akiutazama mkono unaoning'inia.

"Nani alilifunga gurudumu hili?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Gencho, mwenye mkokoteni!" Dafina alifoka. "Mzembe yule! Leo hatumvui kofia, tunamng'oa na kichwa!"

Rusana alitamani ardhi impasukie. Alisikia kipini kikimgonga pajani, na hapo hapo akasikia kitu kingine, cha moto, kikimshuka miguuni. Akatazama chini. Chupa ilikuwa imepasuka.

Wanawake wakagawanyika, wengine kumbeba mkunga, wengine kumbeba mzazi, wote kwenda nyumba moja. Tosho alitoka nyuma ya jiko na mwiko mkononi. Bibi Velika akautazama ule mwiko, akasema, "Lete huo. Na mwingine kama unao." Wakaufunga mkono wake katikati ya miiko miwili kwa kitambaa. Bibi akauma meno, machozi yakamtoka, hakulia kwa sauti. Njia ya mjini ilikuwa imezibwa na theluji tangu Jumatano, kwa hiyo mwenye mkoba hakuwepo wa kuitwa. Akavuta kigoda, akakaa kando ya kitanda.

"Kera. Nawa mikono kwa pombe kali. Leo mikono ni yako, macho ni yangu."

"Mimi? Bibi, mimi nimezaa sita, lakini kuzalisha sijawahi hata mbuzi!"

"Leo utawahi."

Uchungu ulikuja wa nguvu, ukimkunja Rusana mara kwa mara. Halafu mchana ukisogea, uchungu ukafifia, kisha ukasimama kabisa. Mtoto hakusogea. Mama Kera alitoa mikono, akamtazama Bibi.

"Fungueni vitu," Bibi Velika akaamuru.

Mnajua mambo hayo. Mzazi akikwama, ndani ya nyumba kisibaki kitu kilichofungwa. Wakafumua nywele za Rusana. Wakafungua milango, makufuli, magunia ya unga. Tosho akalegeza kamba za viatu, akamnywesha mkewe maji kwa kiatu chake mwenyewe, kama inavyotakiwa, nusu yakamwagikia mto wa kitandani. Wakafungua na sanduku la mwisho, lile la chini ya dirisha, na kutoka kitandani Rusana akaona kilichokuwa juu humo, vishati viwili vidogo ambavyo havijavaliwa na mtu. Akageuza uso ukutani.

"Bado kuna kitu kimefungwa," alisema Bibi. "Leteni aliowakosea."

Hii ndiyo dawa ya mwisho. Aliyekosewa huchota maji mwenyewe, kwa mkono wake, akamnywesha mzazi kiganjani, akamfungulia. Mama Kera akawa wa kwanza. "Kama ulinikosea nimekusamehe, na umenikosea sana, we mtoto, lakini kunywa." Akafuata Dafina, akanuna, akachota. "Kuku nimesamehe. Lakini alikuwa wangu." Rusana akanywa, akangoja. Tumbo lilikuwa limetulia kama jiwe.

Bibi Velika akainama, akaweka sikio kwenye tumbo. Akakaa hivyo muda mrefu. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa umebadilika, na Rusana aliuona.

"Anachoka," alisema. "Moyo wake unachoka. Rusana, nani mwingine?"

"Hakuna, Bibi."

"Nitazame. Nani mwingine?"

Rusana alifumba macho. Aproni ilikuwa imetundikwa msumarini mlangoni, na alihisi kila anayepita anakiona kile kipini kupitia nguoni. Akisema, Bibi ataondoka, na nani angemlaumu? Watamwacha na Mama Kera ambaye hajazalisha hata mbuzi. Asiposema, mtoto atafia ndani, wa tatu, na safari hii aliyemuua ni mama yake. Aliogopa kulia, aliogopa kushoto. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani, hata kule shambani.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," Bibi Velika alisema, taratibu kabisa.

"Kipini," Rusana alisema.

"Nini?"

"Kipini cha gurudumu. Ni mimi. Kiko kwenye aproni. Nilitaka livunjike uwanjani, Bibi, kabla ya lango, usiende mtoni, usife, nilitaka uwe hai tu, nisamehe, nisamehe, Bibi..."

Mama Kera akaenda mlangoni, akatia mkono mfukoni, akakitoa. Kila mtu alikitazama. Dafina akatema mate sakafuni.

Bibi Velika alisimama, akaushika mkono wake uliofungwa kwa ule mzima, akatoka nje. Mlango uliokuwa umeachwa wazi ukajipiga na upepo nyuma yake.

"Ameondoka," Rusana alisema. "Ameondoka, Mama."

"Na wewe ulitegemea nini?" Mama Kera alikuwa amekaa chini kabisa, kipini kiganjani. "Umemvunja mkono mkunga na mimba tumboni. Una wazimu, mwanamke? Una wazimu?" Halafu akaanza kulia, yeye ambaye hakulia hata kwenye yale makaburi mawili.

Dakika zikapita. Kisha wakasikia gurudumu la kisima likilia uwanjani. Tosho akakimbilia nje, na sauti kali ikamrudisha, "Usiniguse! Rudi ndani!" Dafina akasogea dirishani.

"Anafanya nini?" Rusana aliuliza.

"Anachota." Sauti ya Dafina ilikuwa imepoteza ukali wote. "Anavuta kamba kwa mkono mmoja, anaikanyaga, anavuta tena. Mungu wangu. Ndoo imemteleza. Anaanza upya."

Rusana alizihesabu kelele za lile gurudumu la kisima kama mtu anavyohesabu pumzi za mgonjwa. Likanyamaza. Baadaye kukawa na hatua, polepole mno, theluji ikilia chini ya viatu. Bibi Velika akaonekana mlangoni na mkono wa kushoto mbele yake, kiganja amekikunja kama kikombe. Mkono mmoja hauhifadhi maji kama miwili. Yalikuwa yakivuja kati ya vidole vya kizee, tone, tone, njia nzima kutoka kisimani, na yeye hakuthubutu kuharakisha. Akavuka kizingiti. Alipofika kitandani yalikuwa yamebaki kama kijiko kimoja.

"Bibi, nisamehe..."

"Kunywa kwanza, yanaisha."

Rusana akaweka midomo kiganjani, akanywa. Yalikuwa na ladha ya theluji na ya sabuni za asubuhi.

"Nimekusamehe," Bibi Velika alisema. "Lakini nimekasirika. Nimekasirika sana, wala usidhani yameisha. Sasa sukuma."

Uchungu ukarudi. Ukarudi wote kwa mara moja, kama uliokuwa ukingoja nje ya mlango. Rusana alipiga ukelele uliomfanya Tosho azibe masikio jikoni.

"Kichwa!" Mama Kera alilia. "Naona kichwa! Bibi, kitovu, kitovu kiko shingoni, kama yule, kama yule wa kwanza!"

"Usivute! Kera, nisikilize mimi. Kidole chini ya kitovu. Hapo. Kitelezeshe juu ya kichwa. Tena, kimezunguka mara mbili. Rusana, usisukume! Pumua kama mbwa! Kera, umetoa?"

"Nimetoa!"

"Sukuma sasa!"

Mtoto alitoka wa buluu, kimya. Rusana aliukumbuka ukimya ule, alishakutana nao mara mbili. Aliona Bibi Velika akimlaza mtoto mapajani, akimfuta mdomo kwa kidole cha kushoto, akimpulizia, akimpiga mgongoni, akimpulizia tena. Jua lilikuwa linaingia kwa dirisha likiwa chini kabisa. Halafu kitu kikakohoa, kikakwaruza, kikalia.

"Msichana," alisema Bibi. "Na ana hasira. Atakuwa kama mimi."

Tabibu wa mjini alifika njia ilipofunguka, siku ya kumi, akasema mkono umeshaunga vibaya, vidole havitafunga tena. Majuto ni mjukuu, kijiji kikasema, na kilisema kwa sauti ili Rusana asikie. Siku ya arobaini Bibi Velika alikuja mwenyewe, akamtazama mtoto, akanywa chai.

"Umeninyang'anya mkono," alisema. "Utanipa wako. Mtoto utamwachia Kera."

Mwaka mzima Rusana alimfuata kwenye kila nyumba, na kila nyumba aliogopa. Walimtazama vibaya, wengine walimwambia asubiri nje. Bibi akajibu kila mara maneno yale yale, "Akisubiri nje, na mimi nasubiri nje." Dafina alijifungua wakati wa kuvuna, usiku kucha na asubuhi nzima, mtoto ametanguliza miguu. Bibi alisema, na mikono ya Rusana ikatenda.

Siku ya Wakunga ikafika tena. Rusana alikuwa wa kwanza kwenye mstari, binti yake mgongoni, taulo jipya begani. Vipini vya mkokoteni alikuwa amevikagua mara tatu tangu alfajiri, na Gencho alimwangalia kupitia ufa wa ua asimwambie kitu. Bibi Velika alinyoosha mkono wa kushoto juu ya beseni, Rusana akamiminia, akausugua kwa sabuni, akaufuta kidole kwa kidole. Kisha akangoja ule wa kulia, uliopinda. Usiku uliotangulia hakulala kwa kuogopa kuugusa mbele ya watu.

Bibi hakuutoa. Alimshika Rusana kifundo cha mkono, akauvuta mkono wake juu ya beseni, akauacha hapo.

"Wa kulia ndio huu," aliwaambia wanawake. "Aliyefuata!"

Aliyefuata alikuwa Dafina. Alisimama na jagi lake, akautazama mkono ule, akamtazama Bibi, akautazama tena. Rusana alitaka kuurudisha, lakini kile kiganja cha kizee kilikuwa kimemshika kwa nguvu.

Dafina akainamisha jagi. Maji yalikuwa ya baridi, na yeye akayamimina polepole, mpaka yakaisha, kisha akatoa taulo.